Mnavu wa Azaiba

Mwezi wa pili ulikuwa unakatika pale mama aliponipigia simu ofisini kuniambia amenunua mbolea ya mbuzi. Hakusalimia sana. "Pikapu imeshusha mlangoni," akasema, "harufu imefika mpaka kwa jirani. Njoo unisaidie kuingiza ndani kabla sijatukanwa." Mama anakaa peke yake Azaiba, hapa Maskati, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mimi nakaa Ghubra, karibu tu, na ndimi ninayeitwa kwa kila jambo, kwa sababu kaka yangu yuko Sib na ana mke, watoto na visingizio.

Mtu mwingine angefurahi. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamuuma, na bado anataka kulima bustani. Mimi nilikata simu nikakaa na khofu yangu mezani, maana nilikuwa nishaanza kumtazama mama kwa jicho jengine, na kila alichokifanya nilikipima.

Ilianza kwenye baridi. Alibandika kunde jikoni, akaenda sebuleni, akazisahau kabisa. Kaka alipoingia, moshi ulikuwa ushafika darini, na mama ameketi anasikiliza Qurani kwenye televisheni kama hakuna kitu. Chungu kilikuwa cheusi tii. Kaka hakugomba, na ndilo lililonitisha. Alisema kwa upole, mama mwenyewe akisikia, "Likitokea jengine kama hili, mama anahamia kwangu." Kwake ni ghorofa ya pili. Udongo ulioko kule ni wa kwenye vyungu vya maua vya mke wake, na hivyo navyo ni vya plastiki. Mama aliinuka akaenda kupika chai.

Na hatukuwa tunaogopa kitu tusichokijua. Bibi, mzaa mama, alifia hapa hapa Maskati akiwa amesahau kila mtu. Mimi nilikuwa msichana wa skuli. Mama alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na bibi anamtazama anamuuliza, "We mtoto wa nani?" Mama anamjibu, "Wako, mama," halafu anaendelea kumlisha. Kila siku ya Mungu. Siku moja, tunafua mashuka ya bibi, mama aliniambia bila ya kunitazama, "Mungu anipe maradhi yoyote, lakini haya asinipe." Sijapata kumsikia akiomba kitu kwa namna ile, si kabla wala baada.

Basi nilikwenda Azaiba nikabeba mbolea. Nikavunja na kucha.

Wasioijua bustani ya hapa watasema masika ndiyo wakati wa kupanda. Hapa hakuna masika. Nyanya na kabeji zinataka kupandwa joto la kiangazi linapoanza kutulia, zipate baridi yote. Ikishafika mwezi wa tatu unakimbizana na jua: unapanda bamia, kunde, mchicha, matango ukiwahi, na unaomba zishike mizizi kabla upepo wa moto haujaanza. Mama anayajua haya vizuri kuliko mimi. Mchanga wa Azaiba una chumvi, nao amehangaika nao tangu mimi mdogo, anauchanganya na udongo mtamu wa kununua na mbolea, anainua matuta ili maji yasituame. Maji ya bomba hayapendi. Chini ya kila AC ya nyumba ile kuna ndoo inayokinga matone, na ole wako uipige teke. Juu ya matuta ameshona khanga zake kuukuu kuwa chandarua cha kivuli. Jirani mmoja aliwahi kutuuliza kama tuna harusi.

Kwa hiyo aliposema, amesimama na jembe lake dogo, "Mchicha tuungoje kidogo, masika yaje kwanza," nililiacha tuta nikamgeukia.

"Masika gani, mama?"

Alinitazama. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa mtupu. Halafu akacheka. "Nnakutania, we. Unadhani nnajiona nipo Unguja?"

Nikacheka na mimi. Lakini mzaha una wakati wake, na mimi mama yangu namjua kwa mizaha. Kwanza anakupindishia mdomo, ndipo anasema. Ile siku mdomo haukupinda. Nilirudi nyumbani nikiuzungusha uso ule kichwani, mtupu kisha umejaa, nisijue niamini upi.

Wiki iliyofuata alipanda bamia kwenye tuta alilokwisha kulipanda mchicha. Nilimwambia, akagomba. "Nimezichanganya makusudi. Nani kakufundisha kulima, mimi au hao wa ofisini kwako?" Kweli, watu huchanganya. Lakini mama hachanganyi. Kila tuta lake lina kitu chake, na ukikanyaga kati anakuuliza kama macho umeyaacha Ghubra. Sikumwambia kaka. Nilianza kwenda kila siku baada ya kazi, nikijifanya nimependa bustani. Nikafukua, nikapalilia, na muda wote sikio langu liko kwake: amesema nini, amerudia, ameuliza mara ngapi. Mwenyewe nilijichukia. Mtu kumvizia mama yake kama mwizi, si jambo.

Kati ya vyote alivyopanda, kilichompa raha zaidi ni mnavu. Mbegu ililetwa na jamaa kutoka Unguja, imefungwa kwenye karatasi ndani ya soksi katika sanduku la nguo. Mnavu ni mboga ya majani yenye uchungu kidogo. Kwetu hupikwa kwa tui, na watu wa umri wa mama wanaitaja huku wamefumba macho. Sokoni hapa huuoni. Mimi sijapata kuupenda. Tangu mdogo naukusanya pembeni ya sahani, na tangu mdogo nasemwa kwa hilo. Ulipoota, mama aliniita niutazame kana kwamba kaletewa mjukuu. Uliota mwingi. Na ile mbolea ilikuja na magugu yake, hivyo katikati ya mnavu yakaota majani mengine ambayo mimi, kusema kweli, sikuyatofautisha. Kwangu yote yalikuwa kijani.

Ile siku ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nne, jua lishaanza ukali. Nilifika kabla ya adhuhuri nikamkuta keshachuma, keshapika: wali, nguru wa kukaanga, na bakuli la mnavu wa nazi. Alikuwa kachangamka. Alijipakulia mboga mara mbili. Mimi nikatia vijiko viwili vya kumridhisha.

"Kula, mama. Mboga ya mkono wangu hiyo."

"Inakwaruza koo."

"Inakwaruza koo lako la kizungu."

Nilikula, nikasifu, uongo. Nikaenda kuosha vyombo. Yeye akaenda kusali, nikamsikia anasoma, halafu nikamsikia hasomi tena. Anazungumza. Nilidhani ameshika simu. Nikachungulia: ameketi juu ya msala, uso umemuiva mwekundu, anachuma kitu hewani kwa vidole viwili na kukitia kwenye upande wa khanga. Anachuma, anatia. Anachuma, anatia.

"Mama," nikamwita.

Akasema, lakini si na mimi, "Njoo ukae kivulini, mama, jua kali hilo." Alikuwa anazungumza na bibi.

Sijui nikueleze vipi. Nilisimama mlangoni na sahani mkononi inadondosha maji. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Mdomo ulikauka, ulimi ukashika juu. Niliwaza, ndiyo hii. Imekuja. Haikubisha hodi, haikuanza pole pole kama ya bibi, imekuja yote kwa siku moja. Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mikono, ikawa ya moto. "Mama, mimi hapa. Unanijua?" Akanitazama kwa macho meusi, makubwa, yasiyo na mwisho. Akasema kwa adabu kabisa, kama mtu anayeongea na mgeni, "Samahani, bibiye, unanizibia mwanga."

Hapo nikalia. Nikachukua simu nimpigie kaka, na zile tarakimu zilikuwa zinacheza, siwezi kuzisoma. Nikajua ni machozi. Nikafuta, bado zinacheza. Nilibonyeza jina la mwisho lililonipigia, nikamshukuru Mungu likawa lake. Nilimwambia, "Njoo. Mama kaharibikiwa." Maneno yakanitoka mazito kama nimetiwa pamba mdomoni.

Kutoka Sib mpaka Azaiba si mbali, lakini nilikufa mara nyingi kabla gari yake haijaingia. Mama alitaka kwenda nje kumfuata bibi. Nilimzuia, akanisukuma, na alikuwa na nguvu. Mara anacheka, mara anatetemeka, mara ananionyesha watu ukutani na kuniuliza kwa nini sijawapa chai. Nilimwambia nitawapa. Nilikunywa maji, nikanywa tena, mdomo bado mkavu. Nilijisemea, kumbe khofu ndivyo ilivyo, mtu unakauka kama mmea.

Kaka alipoingia alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. Tulimtia garini, kaka mbele kwenye usukani, mimi nyuma nimemkumbatia mama asifungue mlango. Tulipofika kwenye taa za barabara kuu akasema, "Nilikwambia." Wallahi ningekuwa na nafasi ningempiga kofi. Lakini nilikuwa najua ana haki, na alikuwa analia na yeye, nilimuona kwenye kioo.

Hospitalini tulipokewa na daktari msichana, mdogo kuliko binti wa kaka. Aliuliza kwa Kiarabu tangu lini. Kaka akaeleza ya kunde, ya moshi, ya kusahau. Na mimi, nisiyewahi kumwambia, nikatoa ya masika na ya bamia. Yote niliyoyaficha nikayamwaga pale. Nilihisi namuuza mama yangu. Daktari alikuwa anammulika mama machoni. Akammulika tena. Mimi nikamuomba nesi maji.

"Umeshaomba maji mara ngapi?" daktari akaniuliza.

Nikasema sijui, nimekauka, ni khofu tu.

Alikuja akanishika kidevu, akanimulika. Mwanga uliniingia kama sindano. Akanishika mkono akapima mapigo, kisha akaniwekea karatasi mbele na kuniambia nisome. Sikuweza kusoma hata neno moja. "Mmekula nini nyie wawili?" akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa nyengine.

Nilimwambia. Akamtuma kaka arudi Azaiba akalete majani ya bustanini na yaliyobaki kwenye chungu. Mimi nikawekwa kitandani jirani na mama, nimebandikwa nyaya kifuani, nasikiliza moyo wangu kwenye mashine, na mama upande wa pili anawakaribisha watu ndani. Aliporudi kaka na mfuko, daktari akatandaza majani juu ya karatasi. Akayapanga mafungu mawili. Hili ni mnavu, akasema, halina neno. Hili ni la mti wenye maua meupe marefu na tunda la miiba. Huota popote penye samadi, na majani yakiwa machanga yanafanana. Ni sumu. Linaleta joto, linakausha mdomo, linatanua macho, linamfanya mtu aone wasiokuwepo. Baadaye jamaa waliniambia kwetu unaitwa mnanaha.

"Kwa hiyo si..." kaka hakuweza kumaliza.

"Ni majani," daktari akasema. "Tutampa dawa, tutamwangalia. Kesho, kesho kutwa atarudi."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nesi akaja, akadhani na mimi sasa yananipanda. Sijawahi kufurahi vile katika maisha yangu, na moyo unanikimbia, na siuoni uso wa kaka vizuri. Mama yangu kalewa majani. Hakupotea. Yale macho, yale maneno, yote ya majani, na khofu yangu nayo nusu yake ilikuwa ya majani. Nilimwambia kaka, "Umesikia? Vijiko viwili tu, na mimi mwenyewe siwezi kusoma." Akaketi chini kwenye sakafu ya hospitali na kanzu yake nyeupe.

Haikuisha haraka kama nilivyotaka. Usiku ule alifungwa mikono kwa kitambaa laini asijitoe sindano, na lile sisemi zaidi. Lakini siku ya pili alasiri alifumbua macho, akayazungusha, yakanifika. "Khanga yangu nani kaivua?" akauliza. Nikambusu mikono. Kaka akambusu kichwa, akamuomba radhi mbele yetu sote. Akasema hatalitaja tena jambo la kuhama, mama atabaki nyumbani kwake Azaiba mpaka mwenyewe atakapochoka. Mama alimpapasa shavu akamwambia amekonda.

Tulimrudisha Azaiba. Kaka alikaa, akanywa chai, akaondoka na furaha ambayo sikuiona usoni mwake tangu baridi. Mimi nikavaa glavu nikaingia bustanini kung'oa mnanaha. Sasa niliutambua: jani lake pana zaidi, ukingo una meno, na ukilivunja linatoa harufu nzito, mbaya. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni akinitazama. Nilikuwa napiga porojo, nasema hili na lile, nimechangamka. Niling'oa mche wa mwisho nikautia kwenye mfuko.

"Hiyo harufu," mama akasema.

"Mbaya, eti?"

"Nliisikia nkichuma."

Nikageuka.

"Mnavu hauna harufu hiyo. Nnauchuma tangu sijajua kufunga khanga. Nlijua palepale kuwa siyo." Alikuwa anazungumza taratibu, anaangalia matuta. "Nkayatenga. Mnavu upande huu wa ungo, hayo upande wa pili. Nkajiambia, haya ya kutupa, yasije yakamdhuru mtoto. Maana nlijua unakuja. Halafu nkaingia jikoni nkayaosha yote."

"Ulisahau tu kuyatupa, mama. Mtu yeyote angesahau."

"Skiza." Alinyoosha mkono ninyamaze. "Mtu akisahau kutupa, akiyaona anakumbuka. Mie nliyaona. Nlikuwa nayo mkononi, nnayakatakata, na ile harufu ipo. Nliyatazama nkaona mnavu. Kuwa nlijua, hilo ndilo nililolisahau."

Nilitaka kumwambia labda sumu ilishamuingia mikononi wakati wa kuchuma, labda ni jua. Nilifungua mdomo, na yeye akanitazama kwa macho yake mwenyewe, madogo, mazima, yenye akili zote.

"Ningekula peke yangu ingekuwa kheri," akasema. "Lakini nlikwambia kula. Nlikulazimisha. Mwambie kaka yako nnakwenda Sib."

"Huendi Sib. Nahamia mimi hapa. Kaka nitamwambia kila kitu, na atakubali."

Akafikiri. Nilikaa chini kwenye kizingiti, glavu zina udongo, nikijiandaa kwa ugomvi, maana nilikuwa nakuja kwenye jambo ambalo nililijua gumu kuliko kuhama. Mama hampi mtu jiko lake. Mke wa kaka alijaribu mara moja, siku ya Idi, kugeuza maandazi tu, na mpaka leo inasimuliwa. Dada zake mama mwenyewe, walipokuwa hai, walikuwa wakikaa sebuleni wakisubiri kuletewa. Nilivuta pumzi nikasema, "Na kupika, mama, napika mimi."

Nilingoja aniulize nani kanifundisha. Nilingoja hata neno moja la kunikebehi, chumvi yangu, wali wangu uliorojeka kama bokoboko. Ningempa kila nilicho nacho anitukane pale.

"Haya," akasema. Akatia mkono kifuani, akatoa ufunguo wa kabati la jikoni, akanipa.